Mabati ya Mama Naomi

Tabitha wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa saa saba ukiimba, umeenda mjini kusukwa, na ulisema unataka zile nyuzi ndogo ndogo, kwa hivyo najua hutarudi mpaka jioni. Cherehani nimeifunika. Nimekaa kwa meza na daftari la ushirika wa akina mama, nimechana karatasi za katikati, Mungu anisamehe, ndizo hizi.

Kesho unaenda Nairobi kuanza kazi kwenye ile nyumba ya sanaa. Mambo ya sweta, ya chakula, ya kufunga mlango na ya wanaume, shangazi yako ameshakuambia yote, mengine mara mbili. Mimi nina jambo moja, na nimeshindwa kulisema mbele yako. Jumapili tukitoka kanisani nilianza. Ukaniangalia ukasema, "Mathe, una uso wa mtu anataka kuombea gari lililoharibika." Tukacheka, na ikapita.

Unajua siipendi hiyo nyumba. Na najua unavyonielezea, kwa sababu nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwa simu, "Mum haelewi sanaa ya kisasa, aliishia darasa la nane." Ni kweli niliishia darasa la nane. Lakini siku ile ya ufunguzi, Tabitha, mimi ndiye peke yangu mle ndani niliyeelewa nilichokuwa naangalia.

Nikukumbushe ulichokiona na mimi nilichokiona. Wewe uliona nyumba nzuri. Mimi niliona ukumbi mkubwa kuliko kanisa letu, mweupe, baridi kama ya stoo ya maziwa, na karibu hauna kitu. Chumba cha kwanza kilikuwa na viti vya plastiki vimefungwa kwa waya vikapandishwa mpaka darini, hakuna anayeweza kukaa, na wazee wamesimama wanaumwa na magoti. Chumba cha pili kilikuwa na video ya mtu akimenya viazi. Anamenya, anamenya. Watu wazima wenye elimu wamesimama kimya wanamtazama kama hawajawahi kukutana na kiazi. Mimi nimemenya viazi vya harusi tano hapa Nakuru na hakuna mtu aliyenisimamia na glasi mkononi akitikisa kichwa. Nilikuuliza, "Anamaliza saa ngapi, watu wale?" Ukanifinya mkono.

Halafu tukaingia chumba cha mwisho, chetu.

Mabati ya jikoni letu yalikuwa yametundikwa juu kwa waya, mabati kumi na nane, kama paa lisilo na nyumba. Taa kali zilikuwa juu yake, chumba kizima giza, na mwanga ukapita kwenye matundu ya misumari ukamwagika chini vipande vipande. Walikuwa wametandika mikeka. Watu wakavua viatu, wakalala chali, wakasema ni kama nyota.

Nyota! Yale matundu nimeyaziba kwa mikono hii. Kila mwaka kabla ya mvua ya Aprili nilipasha lami kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikapanda ngazi, wewe ukinishikia, nikaziba tundu kwa tundu kwa kijiti, nikishuka nikiwa na lami mpaka kwenye nyusi. Yule msanii wako aliyeyatundika alikuwa ameikwangua yote. Nikamuuliza, "Kijana, mbona umetoa lami?"

Akasema, "Mama, matundu ndiyo yanayoongea."

Nikamwambia, "Yakiongea, unalowa."

Akacheka sana, akatoa kitabu chake kidogo akaandika. Sikuwa nimefanya mzaha.

Na yule mama mkubwa wa pale, mwenye shanga kama za ng'ombe wa maonyesho, yule anayechagua kitu gani kitundikwe, akaanza kuwaeleza wageni. Akasoma maneno ya ukutani, kwamba paa hili ni la familia iliyofukuzwa shambani kwao kule juu ya Njoro mwaka wa fujo, ikalibeba mgongoni kama kobe. Kama kobe! Halafu akanyoosha kidole kwenye ile alama nyekundu iliyo kwenye pembe ya kila bati, upande wa chini, akasema ni jeraha la taifa. Mzee mmoja mwenye skafu akatoa kitambaa akafuta macho. Wakanisimamisha chini ya mabati wakanipiga picha, wewe kando yangu unang'aa. Wakapiga makofi.

Nilipigiwa makofi, Tabitha. Nikainamisha kichwa na watu wakaona unyenyekevu.

Sasa sikiliza. Lile jeraha la taifa ni rangi iliyobaki kwenye kopo baada ya kupaka mlango. Aliyeipaka ni Mama Naomi.

Humkumbuki. Ulikuwa na miaka mitano. Alikuwa jirani yetu wa ua kwa ua kule shambani, ile ardhi ya mzungu iliyogawanywa kwa mababu, na alikuwa mwenzangu wa ushirika. Unajua sisi wanawake tunavyotia alama sufuria zetu, kwa sababu zikishaenda harusini au matangani zote zinafanana. Mimi yangu ni mistari miwili ya rangi ya kucha. Yake ilikuwa msalaba na nukta mbili, moja kila upande, rangi nyekundu. Alikuwa mtu wa alama kupita kiasi. Alitia kwenye vikombe, kwenye jembe, kwenye ndoo. Walipopata mabati ya nyumba yao akayalaza nyasini kabla hayajapandishwa akatia alama kila moja. Tukamcheka. Baba yako, Mungu amlaze pema, alimuuliza, "Mama Naomi, nani ataazima paa?" Akasema, "Hamjui dunia nyinyi."

Fujo ilipokuja, waliotakiwa kuondoka walikuwa wao. Sisi tulikuwa wa upande uliobaki. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, kabila la mtu si la kuandikwa kwenye daftari la kanisa. Alikuja kwangu asubuhi, Naomi akiwa mgongoni, akaongea haraka haraka: "Lori linaondoka. Wakija jioni watachoma. Ng'oeni mabati, mnitunzie. Kuta za udongo nitajenga tena, mabati sitapata mengine." Nikamkumbatia nikasema, "Nenda, yako salama."

Baba yako aliyang'oa kabla ya saa sita, tukayaficha chini ya mabua ya mahindi. Jioni walichoma kuta. Mpaka hapo, mwanangu, tulikuwa watu wazuri, na ningependa hadithi iishie hapo.

Mwezi ukapita, miezi ikapita. Jikoni letu lilikuwa la nyasi na lilikuwa linavuja. Nikamwambia baba yako tuyatumie kwa sasa, yanaoza bure. Akasema, "Haya si yetu, Mama Tabitha." Nikasema, "Akija atachukua." Baba yako hakuwa mtu wa kubishana. Alipiga misumari siku nzima bila kunisemesha, na kila alikopiga msumari mpya, tundu la zamani lilibaki kando.

Halafu Mama Naomi akapiga simu. Alikuwa amepata namba kwa mtu wa kanisa. Walikuwa kwenye hema, mvua ilikuwa imeanza, maji yanaingia chini na juu, watoto wanalala wamekaa. Akasema amepata mtu mwenye lori atakayepita Njoro wiki hiyo, kwa hivyo anaomba mabati yake.

Nilikuwa nimesimama jikoni, chini yake. Sufuria ya maharagwe ilikuwa inachemka. Nikasema, "Yalichomwa, Mama Naomi. Yote. Hatukuwahi."

Akasema ni sawa, bora sisi tuko salama, na akaniombea. Kwa simu, kwa salio lake, ndani ya hema lile, alituombea mimi na baba yako na wewe kwa jina. Nikasema amina.

Nimewahi kusimama kanisani nikatoa ushuhuda mara nyingi tangu siku hiyo. Nimeongoza kesha. Nimefunga siku saba kwa ajili ya mtihani wako. Tulipohamia hapa Nakuru, Section 58, tukayang'oa tena tukaja nayo, na hapo nyuma ya nyumba yakawa tena jikoni. Watu hufikiri uongo unazidi kukulemea. Wangu ulikuwa unapungua uzito kila mwaka. Moshi ulipaka masizi juu ya zile alama mpaka hata mimi, nikitazama juu, niliona mabati tu. Hilo ndilo la kuogopa, na sikufundishwa na mtu.

Halafu ukamleta yule msanii. Ulikuwa umemaliza chuo kule Njoro, mwaka mzima unatafuta kazi, unashinda kitandani na simu. Siku hiyo nilikuona umevaa vizuri kwa mara ya kwanza. Akawasha kifaa chake cha kurekodi akaniuliza, "Mama, haya mabati yana hadithi?" Wewe ulikuwa unanitazama vile ulivyokuwa unanitazama ukiwa mdogo nikifungua mfuko wa sokoni.

Nikampa hadithi. Nikampa lori, nikampa mtoto mgongoni, nikampa hema na watoto kulala wamekaa. Nilimwibia Mama Naomi mara mbili: kwanza paa lake, halafu mvua yake.

Sikujua wangefanya vile. Nilifikiri ni gazeti la shule. Wakaja na karatasi nikatia sahihi, wakachukua mabati, wakaniezekea jikoni kwa mengine mapya yanayong'aa mpaka majirani wakadhani tumepata mchumba wa ng'ambo. Na baada ya ufunguzi yule mama wa shanga akakwambia mbele yangu, "Binti wa paa hili lazima afanye kazi na sisi." Hiyo ndiyo kazi unayoiendea kesho. Utasimama chini ya mabati kila siku utawaambia wageni, "Mama yangu alifukuzwa." Na wewe utakuwa unasema ukweli unaoujua. Mimi ndiye nitakuwa nimeweka uongo kinywani mwako kama dawa ya minyoo.

Nimejiuliza nyumba kama ile ni ya nini. Wewe unasema ni ya kuikumbusha jamii, ya kuuliza maswali ambayo hayaulizwi. Nimelikariri hilo, naona linapendeza. Sasa niambie ni swali gani waliniuliza. Mimi nikienda kwenye ushirika nikasema sufuria hii ni yangu, Mama Shiru mwenye makengeza ataniuliza, "Alama yako ni ipi?" Hakuna digrii hapo. Lakini mle ndani kwenye watu waliosoma mpaka wakaishiwa na vitabu, hakuna mmoja aliyesimama chini ya bati akauliza, "Mama, huu msalaba aliuweka nani?" Waliona alama ya mwanamke anayeogopa kuibiwa, wakaamua wenyewe maana yake, wakaiandika ukutani, wakalala chini kuifurahia. Wanachukua paa, wanatoa lami, wanahakikisha haliwezi kumsaidia mtu tena, ndipo wanaliheshimu. Likiwa linazuia mvua lilikuwa takataka ya nyuma ya nyumba. Nawadharau, Tabitha, sitaki kukuficha. Na nawadharau zaidi kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo kuwadanganya. Mwizi anapigiwa makofi, na analetewa juisi.

Nitaipa hiyo nyumba haki yake moja tu, na nitaitoa kwa meno yaliyofungwa. Waliosha masizi. Waliyaosha vizuri. Nilipoinua macho siku ile, msalaba na nukta mbili, msalaba na nukta mbili, mara kumi na nane, nyekundu kama siku alama zilipopakwa. Miaka kumi na saba nimehubiriwa na sikusikia. Siku ile sikuwa na pa kuangalia.

Kwa hivyo Jumatano iliyopita nilipokwambia naenda mkutano wa akina mama Gilgil, nilikudanganya, na naomba uongo huo uwe wa mwisho. Nilienda Longonot. Niliambiwa Mama Naomi anauza viazi pale karibu na reli, na nilimpata bila kuuliza mara mbili, kwa sababu ndoo zake zina alama.

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. Akasema, "Umenenepa."

Nikasema, "Wewe umekonda."

"Mimi nilikuwa na kazi. Kaa kwenye huo mkebe."

Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, yote, hata maharagwe. Alikuwa anapanga viazi kwenye ndoo, vikubwa juu, na hakuacha kupanga.

"Kwa hivyo hayakuchomwa," akasema.

"Hayakuchomwa."

"Na yako wapi?"

"Yametundikwa Nairobi, kwenye nyumba ya sanaa. Watu wanalala chini wanayatazama."

"Wanalala chini? Wagonjwa?"

"Wazima. Wengine wana magari."

"Wanalala, wanatazama mabati yangu."

"Wanasema ni nyota."

Akacheka. Alicheka mpaka mama wa vitunguu wa pembeni akauliza kuna nini, akamwambia, "Nyamaza, niko na mgeni kutoka mbinguni." Halafu kicheko kikaisha kama kimekatwa, akaniambia Naomi alipata kifua kwenye lile hema, na mpaka leo ni msichana mkubwa lakini akipanda kamlima kadogo anasimama katikati. Aliniambia hivyo tu, bila kupandisha sauti. Nikaanza kupiga magoti pale kwenye vumbi.

"Simama," akasema, "unanifukuzia wateja."

Nikamwambia nitawaambia wabadilishe maneno, waandike jina lake ukutani, kubwa. Akasema, "Jina langu nalijua." Nikamwambia nimepewa mabati mapya, nitayang'oa kesho yake nimletee. Akasema, "Hayo ni yako. Mimi nataka yangu." Nikamwambia yana matundu. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Nina mbuzi wanane wananyeshewa. Mbuzi hawatajali matundu."

Hakusema amenisamehe. Aliniuzia viazi. Alinipimia sawasawa, hakuongeza hata kimoja, na niliona ni haki.

Sasa ndio jambo lenyewe. Jumamosi ya wiki ijayo tutakuja, mimi na yeye. Ameshaongea na mtu wa pikapu. Najua watasema ni mali ya nyumba ya sanaa, kuna karatasi na sahihi. Sahihi ni yangu, na nilitia kwa kitu kisicho changu, nitawaambia hivyo na atakayetaka kuniita mwizi nitamwitikia. Watasema wageni wametoka mbali kuona. Waangalie viti.

Nakuomba umwambie yule mama wa shanga kabla ya Jumamosi. Najua inaweza kuwa mwisho wa kazi kabla hujapata hata kiti chako. Nimelala na hilo wiki nzima. Kila nikifikiri ninyamaze mpaka upate mshahara mmoja, miwili, naisikia sauti yangu ikisema "kwa sasa," na ile sauti naijua ilikonipeleka. Lakini sikulazimishi. Hili halikuwa kosa lako na sitaki ulibebe kwa heshima. Ukiona ulimi mzito, nyamaza, nenda kazini, fanya unachoambiwa, na Jumamosi nitasema mimi mwenyewe mbele ya wote, halafu unichukie ukipenda. Nitakuwa nimestahili, na mlango wa hapa hautafungwa.

Kama watakufukuza, rudi. Kama hawatakufukuza, basi nitakuwa nimekosea kuhusu nyumba hiyo, na nitakwambia hivyo kwa mdomo wangu, ingawa sioni dalili.

Mungu aliyesikia nikisema amina kwenye simu ile, na bado akakulea, atangulie mbele yako kesho. Nakupenda kuliko nilivyokuwa na ujasiri.

Ni mimi mama yako.

Jambo la mwisho: ulizia lango la nyuma, lile la kupitishia mizigo, na umwambie askari atarajie pikapu ya Longonot saa mbili asubuhi. Ngazi watuazime ya hapo. Waya wasihangaike nazo, Mama Naomi anakuja na koleo lake.